Kabula Alipoachwa Bila Nepi

Binti yangu Kabula alikuwa mtoto wa maji. Ukibeba ndoo, yuko nyuma yako. Ukifua, ameshatumbukiza mikono kwenye povu. Kwa hiyo asubuhi ile alipoliona beseni lake la kuogea, akanyanyua miguu juu, akajikunja kifuani kwangu na kuanza kulia kabla maji hayajamgusa, nilielewa kwamba kile nilichokuwa nakiita upele wa nepi kilikuwa kimeshavuka mpaka.

Niiteni mama Kabula, inatosha. Nashona nguo nyumbani kwangu Cheyo, hapa Tabora mjini. Mume wangu Mihayo ni fundi wa pampu za visima, kazi inayomtoa nyumbani hata wiki nzima, leo yuko Igunga, kesho Nzega. Kabula ni mtoto wetu wa kwanza. Tulimsubiri miaka mingi, mpaka ndugu wakaacha kuuliza. Nasimulia yaliyotupata kwa sababu najua yuko mama mahali fulani, leo hii, anamfuta mtoto wake huku naye analia, na watu wanamwambia, "Ah, si upele tu huo!"

Yalianza na kikohozi, mwisho wa kiangazi, vumbi likiwa jingi. Tulipewa dawa ya maji ya kuua vijidudu, kikohozi kikaisha, lakini tumbo likafunguka. Kuharisha kulipokatika, makalio yalikuwa mekundu. Sikushtuka. Mtoto gani hajawahi kuwa mwekundu huko? Nikampaka mafuta ya mgando, nikaendelea na cherehani.

Kisha mvua zikaanza. Anayeishi Tabora anajua mvua zetu zikishaamua. Nepi za kitambaa zilining'inia kamba nzima na hakuna iliyokauka. Nikawa namvalisha pampasi mchana kutwa, na joto la mvua ile, na mkojo, na ngozi iliyokwishachubuka. Wekundu ukaingia kwenye mikunjo ya mapaja. Ukang'aa, kama ngozi iliyomwagiwa maji ya moto. Pembeni yake vikatokea vipele vidogo vidogo vilivyosimama peke yao, kama vinatangulia kupima njia.

Jirani yangu mama Zuhura, mtu mwema asiyependa kuona mtoto akiteseka, aliniletea tyubu ndogo ya dawa aliyonunua duka la dawa. "Hii inatibu kila kitu," alisema. "Mjukuu wangu ilimkausha mara moja." Na kweli, siku chache tu Kabula alikuwa safi. Nilimshukuru mama Zuhura kwa sahani ya michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu ambavyo mama mkwe hututumia kutoka Puge. Tukacheka mlangoni.

Nilipoacha kupaka, upele ukarudi. Nikapaka, ukaondoka. Nikaacha, ukarudi na kupanda mpaka kinenani, na safari hii ngozi ilikuwa nyembamba kama lile ganda la ndani la kitunguu. Ukiigusa unahisi itabaki kidoleni. Alipokojoa alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti nyembamba, ya mtu mzima aliyechoka. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika meza ya cherehani yangu. Akaacha kusimama. Akawa analala kifudifudi kwenye mkeka, ananitazama.

Na mimi nilikuwa na langu. Chuchu zilikuwa zinawaka moto kila aliponyonya, moto unaobaki hata akishamaliza. Nilidhani ni meno yake mapya. Nikauma kanga na kuvumilia, kwa sababu ziwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamtuliza.

Krismasi tulikwenda Puge, kwa mama mzazi wa Mihayo. Ni mjane, mkulima wa karanga na mtama, mzee wa kanisa la Moravian, mwanamke anayeongea kidogo na kila neno lake lina uzito wa jiwe la kusagia. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba," huku mikono yake imeshamfikia mjukuu. Alimfungua nepi papo hapo uani. Akamfunika tena taratibu sana.

Mchana ule nilikuwa jikoni nasonga ugali, naye alikuwa nyuma ya nyumba na mwanawe. Waliongea Kinyamwezi, na Kinyamwezi ni lugha yangu pia, nimezaliwa Kipalapala. Nilimsikia akimwambia, "Mtoto huyu amebemendwa. Niambie ukweli mimi mama yako. Huko kwenye visima unalala wapi?"

Kwa asiyelijua neno hilo, kwetu husemwa kwamba mzazi akitoka nje ya ndoa mtoto angali ananyonya, kisha akamshika mtoto, mtoto hudhoofika na kuharibika mwili. Ndiyo kubemenda. Ugonjwa wa mtoto unageuka kuwa kesi ya wazazi.

Mihayo alinyanyua sauti, jambo ambalo halifanyi mbele ya mama yake. "Mama, mimi? Unaniambia mimi?"

"Nakuuliza."

"Basi hapana."

Ugali uliungua upande mmoja. Baada ya chakula mama mkwe akanigeukia mimi, safari hii kwa Kiswahili, polepole kama anayemwambia mgeni: "Mwachishe ziwa, mwanangu. Maziwa hayo hayamfai tena."

Nilimjibu, "Sawa, mama," na sikumwachisha. Lakini maneno yale tulirudi nayo mjini, yamekaa kati yetu kwenye kiti cha basi. Sikumshuku mume wangu. Hata hivyo nilianza kuangalia simu yake inapoita. Naye alianza kuniangalia ninavyoiangalia.

Tulipofika Cheyo, mama Zuhura aliingia kutusalimu, akamwona Kabula, akashika mdomo. Ndiye aliyesema, "Mama Kabula, mimi nimefika mwisho wa dawa zangu. Kesho nenda hospitali, nami nitakulindia nyumba." Akaongeza, "Na tyubu ile nenda nayo."

Chumba cha kusubiri cha watoto kina harufu yake: maziwa yaliyochacha, dawa ya sakafu, nguo zilizonyeshewa. Nilimweka Kabula begani kwa sababu hakuweza kukaa. Kila mama aliyeketi kwenye benchi lile alimtazama mtoto wa mwenzake kwanza, ndipo akamtazama wake. Mmoja alinisogezea nafasi, kisha akaona kwamba simshushi mtoto, akaelewa, akanishikia mfuko wangu hadi nilipoitwa. Hatukuulizana majina. Mfuko ule ulipotoka mkononi mwangu ndipo nikajua ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye mafua, anajifuta pua kila baada ya sentensi. Alimlaza Kabula kitandani, akamfungua, na hakusema "ah, upele tu." Alisema, "Pole sana, mama." Nikalia. Nilikuwa nimeambiwa mengi kwa miezi ile, lakini pole sikuwa nimepewa.

Aliisoma tyubu pande zote. "Hii ina dawa kali ndani yake," akasema. "Inapunguza wekundu haraka, unaona kama amepona. Lakini huu ni ugonjwa wa fangasi, na hii inawatengenezea fangasi nafasi huku inaikondesha ngozi. Usimpake tena."

Akamfungua Kabula mdomo kwa kijiti. Ndani ya mashavu na kwenye ulimi kulikuwa na utando mweupe ambao mimi niliuchukulia kuwa maziwa.

"Na wewe matiti yanakuuma?"

Nilishangaa amejuaje. Nikamweleza ule moto.

"Mnaambukizana. Yeye mdomoni, wewe kwenye chuchu, unazunguka. Tutawatibu wote wawili."

"Kwa hiyo nimwachishe?"

"Nani kakwambia? Nyonyesha."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini akajifuta pua, akavuta kiti karibu, na nikajua bado kuna neno. Alisema fangasi wanaong'ang'ania hivi, mdomoni na chini kwa wakati mmoja, humfanya daktari atake kuwa na uhakika. Angependa kumpima mtoto sukari, na kumpima VVU. Na sisi wazazi wote wawili.

"Nilipimwa wakati wa mimba," nikasema. "Nilikuwa sina."

"Najua, mama. Tunapima tena. Si kwamba nadhani. Ni kwamba sitaki kudhani."

Mihayo alikuwa nyumbani siku ile akitengeneza baiskeli. Nilimweleza nikiwa nimesimama, mtoto begani. Aliendelea kukaza nati moja muda mrefu, nati iliyokuwa imeshakaza.

"Kwa hiyo mama yangu ananihukumu, na wewe unanipeleka kupimwa."

"Daktari ndiye aliyesema."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema mtoto wetu hawezi kukaa chini, baba Kabula."

Aliiacha nati. Akaingia ndani kuoga, akatoka na shati lake la kanisani. Alikuja nami hospitali, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nizeeke.

Tulichomwa vidole wote watatu. Kisha tukasubiri. Nimesubiri vitu vingi maishani. Nilisubiri mimba hadi nikachoka kuhesabu miezi. Lakini kusubiri kule hakufanani na chochote. Macho yangu yalishika bango ukutani, nikalisoma mwanzo hadi mwisho, na ukiniuliza leo liliandikwa nini sijui.

Karibu nasi alikaa mwanamke wa makamo, amevaa kitenge cha bluu, na binti yake wa shule, mapengo mbele, anatafuna karanga na kutupia maganda kwenye mfuko wa mama yake. Walikuja kuchukua dawa. Mama yule alitutazama kidogo, akatazama mbele tena, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnasubiri majibu?"

"Ndiyo, dada."

"Ya mtoto?"

"Ya wote watatu."

Akatikisa kichwa. "Huyu wangu nilimleta hapa hajui kukaa. Nililia mpaka watu wakahama benchi. Sasa anakunywa dawa zake, anasoma, na ananijibu jeuri." Yule binti akatabasamu kwa mapengo yake. "Sikilizeni, wadogo zangu. Vyovyote itakavyokuwa, humo ndani mtaambiwa la kufanya. Msirudi nyumbani kabla hamjaambiwa la kufanya. Basi. Hayo ndiyo yote."

Mihayo, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tutoke nyumbani, alisema, "Asante, dada." Kisha akanyoosha mikono akamchukua Kabula kutoka begani kwangu. Alimbeba kifudifudi juu ya mkono wake mmoja, kama mtu anavyobeba tawi lenye matunda, makalio juu, yasiguswe na kitu. Kabula akalala hivyo hivyo.

Tulipoitwa, nesi alitusomea majibu bila kutuchelewesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na maambukizi. Sukari ya mtoto nayo ilikuwa sawa. Akatuambia tunaweza kwenda. Mimi nikasimama. Mihayo akakaa, akainamisha uso juu ya mgongo wa mtoto, mabega yakawa yanatikisika. Nesi akajifanya anatafuta kalamu mezani, nasi tukapata muda wetu.

Tulipotoka, sikujua nipite na uso gani mbele ya mwanamke wa kitenge cha bluu. Alinitazama mara moja akajua. "Hongereni," alisema, na alikuwa anamaanisha. "Haya, nendeni mkamtibu." Sijamwona tena. Kila ninapoomba, ninamweka na binti yake katika maombi yangu.

Jioni ile Mihayo alimpigia mama yake simu, akaiweka sauti juu ili nami nisikie.

"Mama, ni fangasi. Kuna dawa. Tumepima kila kitu, wote. Hakuna aliyembemenda mtoto."

Tulisikia kuku wa Puge.

"Na daktari kasema aendelee kunyonya," Mihayo akaongeza.

Kisha mama mkwe akasema, "Anatibiwaje?"

Mihayo akamweleza. Dawa ya fangasi ya kupaka, nyepesi, kwenye ngozi kavu. Matone ya mdomoni. Juu ya ngozi, dawa nyeupe nzito ya zinki ya kuzuia mkojo usiguse. Sabuni marufuku, maji tu, na kukausha kwa kugusagusa, siyo kusugua. Na kubwa kuliko yote, mtoto aachwe wazi, bila nepi, kadiri inavyowezekana.

"Nani atamfuata nyuma kufuta?" mama mkwe akauliza. "Mkeo ana cherehani. Wewe una visima."

"Tutajipanga, mama."

"Nakuja."

Alifika na kiroba cha karanga, michembe, na furushi la kanga zilizochakaa, laini kama pamba. Hakuomba radhi, nami sikuingoja. Alikaa kwenye mkeka, akamfungua mjukuu wake, na kuanzia saa ile hadi msimu ulipogeuka, kazi yake duniani ilikuwa moja: kumfuata Kabula na tambara. Mihayo alizungushia kipande cha veranda kwa mikeka ya zamani ili mtoto asiingie kwenye tope. Humo ndani wakaishi wawili wale. Kabula akikojoa, bibi yake anafuta. Akichafua mkeka, bibi yake anausuuza, anautundika, analeta mwingine. Mara moja aliikojolea Biblia iliyokuwa mapajani mwa bibi yake. Mama mkwe aliipangusa, akaianika juani, akasema, "Mungu naye amewahi kuwa na watoto wadogo mbele yake."

Mwanzoni sikuona tofauti, na nisingependa kukudanganya, mwenzangu unayesoma. Daktari alishasema ngozi ile ilikonda na itachukua muda wake kunenepa. Nilikuwa natazama kila asubuhi kama mkulima anavyotazama mbegu. Kwanza vile vipele vya pembeni vikafifia. Kisha mng'ao ukaondoka. Ngozi ikakauka, ikabanduka vipande vyepesi, na chini yake ikatokea nyingine, nyeupe kuliko mwili wake, yenye mabaka kama ramani. Moto wa matiti yangu ulikuwa umeshazimika kabla ya hapo. Siku moja nilijikuta nanyonyesha huku nazungumza na mteja kuhusu mikono ya gauni, ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa siwezi kuzungumza wakati wa kunyonyesha.

Katikati ya mvua nzito jino la nyuma likaja, tumbo likafunguka tena, na kona moja ya kinena ikarudi kuwa nyekundu. Nilikimbia hospitali mvua ikininyeshea, nimeshakata tamaa kabla sijafika. Daktari yule yule, safari hii bila mafua, alitazama akasema, "Endelea hivyo hivyo. Hata akionekana amepona, usiache mara moja. Endelea siku kadhaa." Ni hayo tu. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni. "Kasema nini?" Nikamwambia. Akapumua, akaketi palepale kizingitini. Ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anaogopa muda wote ule.

Mihayo na mimi tulipona polepole kuliko mtoto. Jioni moja, mvua zikielekea ukingoni, tulikuwa tunamenya karanga za mama. Akaniuliza bila kunitazama, "Siku ile Puge, ulinishuku?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Ulikuwa unachelewa kupokea simu."

"Nilikuwa ndani ya kisima!"

Alisema kwa uchungu wa kweli kiasi kwamba nikaangua kicheko, naye akacheka, na mama mkwe, aliyekuwa upande wa pili wa mikeka, akakohoa kutujulisha kwamba anasikia. Tangu jioni ile, akienda kazini huniambia jina la kijiji na la mwenyeji wake kabla sijauliza.

Mimi si mtaalamu, na mtoto wako si Kabula. Ninachoweza kukuambia ni kidogo. Dawa inayosafisha siku chache kisha ugonjwa unarudi na nguvu mpya, ichukue, mchukue na mtoto, nenda hospitali. Mtazame mdomoni. Jitazame na wewe mwenyewe. Wakitaka kupima damu, nendeni wote wawili, mkaogope pamoja. Na kama ndani ya nyumba kuna mtu aliyekuumiza kwa maneno, lakini yuko tayari kushika tambara, mpe tambara.

Mavuno ya karanga yalipokwisha tulikwenda Puge kwa ibada ya shukrani. Kabula alikuwa anatembea, amevaa gauni nililomshonea, anapita kati ya mabenchi na kushika magoti ya watu. Kila mwenye shukrani alisimama na kusema lake: mvua nzuri, ng'ombe aliyezaa salama, mtoto aliyefaulu. Ikafika zamu ya mama mkwe. Alisimama, akanyoosha kanga yake begani. Kanisa likatulia, maana huongea mara chache.

"Namshukuru Mungu," alisema, "kwa ajili ya mjukuu wangu. Namshukuru kwa ajili ya ..."

Akasimama hapo. Nilimwona akilitafuta neno la Kiswahili lenye heshima ya kutosha kwa madhabahu, akilikosa. Akamtazama mchungaji. Akamtazama Kabula, aliyekuwa ameinama katikati ya njia akiokota punje ya karanga, gauni limepanda mgongoni, ametugeuzia upande ule ule uliotutoa machozi miezi mingi, laini, mzima, unang'aa.

Mama mkwe akalitamka kwa Kinyamwezi.

Kanisa zima lilielewa. Kicheko kilianzia kwa akina mama wa kwaya kikafika hadi mlangoni, wazee wakajifuta macho, na Mihayo akaficha uso wake begani kwangu. Mama mkwe hakucheka. Alisubiri watu wamalize, amenyooka vile vile, kisha akaweka debe lake la karanga mbele ya madhabahu na kuongeza, "Na kwa ajili ya mama yake, ambaye hakumwachisha ziwa nilipomwambia."

Mchungaji, machozi ya kicheko yangali mashavuni, akasema amina.